Miaka 27 ya Kutafuta Vigawo Viwili

Namba yenyewe ni hii: 147,573,952,589,676,412,927. Ina tarakimu 21. Andika 2 mara 67, zizidishe zote pamoja, kisha toa 1, nawe utaipata. Kwa hiyo wanahisabati huiandika kwa ufupi 2⁶⁷ − 1. Wanaokumbuka kisa cha mbuni wa sataranji, aliyemwomba mfalme punje moja ya nafaka katika mraba wa kwanza wa ubao, mbili katika wa pili, nne katika wa tatu, na kuendelea hivyo hadi mraba wa 64, wanamjua ndugu yake mdogo. Al-Biruni, aliyeandika karibu na mwaka 1000, alikokotoa jumla ya punje za ubao mzima akapata 18,446,744,073,709,551,615. Ongeza miraba mitatu tu kwenye ubao ule, na jumla itakuwa namba yetu ya tarakimu 21.

Kwa miaka 232 namba hii ilikaa katika orodha ya namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Kisha ikathibitishwa kwamba si tasa, na hapo likazuka jambo geni zaidi: kwa miaka 27 iliyofuata ilijulikana kwa hakika kwamba ni zao la namba ndogo zaidi, wala hakupatikana mtu wa kuitaja hata mojawapo. Hii hali ya pili ndiyo inayonivuta kuandika. Ni rahisi kuelewa kutojua kitu. Kujua kwa uthibitisho kamili kwamba mlango upo, na usiweze kuuona ulipo, ni jambo jingine kabisa.

Mizizi ya habari hii iko kwa Wagiriki. Euclid, katika kitabu cha 9 cha *Elementi* zake, alimaliza na kanuni ya 36 kuhusu namba timilifu. Namba timilifu ni ile ambayo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha. Vigawo vya 6 ni 1, 2 na 3, na jumla yake ni 6. Vigawo vya 28 ni 1, 2, 4, 7 na 14, na jumla yake ni 28. Euclid alionyesha zinakotoka: ukichukua namba kama 4, 8, 16 au 32, ukatoa 1 na ukabaki na namba tasa, basi zidisha tasa hiyo kwa nusu ya ile uliyoanza nayo. Kutoka 8 unapata 7, na 7 mara 4 ni 28. Kutoka 32 unapata 31, na 31 mara 16 ni 496. Wagiriki walizijua nne: 6, 28, 496 na 8,128.

Baadaye wanazuoni wa Kiislamu waliichukua kazi hiyo. Ismail ibn Fallus, aliyeishi katika karne ya 13, aliacha jedwali la namba 10 alizoziita timilifu, na saba za kwanza ni sahihi, ikiwemo 137,438,691,328. Ulaya ilichelewa kufika hapo. Mpaka mwaka 1536 ndipo Hudalrichus Regius alipochapisha kwamba 2¹¹ − 1, yaani 2,047, si tasa, kwa kuwa ni 23 mara 89. Ugunduzi huo mdogo ulikuwa na uzito. Kipeo chenyewe, yaani ile namba ndogo inayoandikwa juu ya 2, lazima kiwe tasa ili jawabu liwe tasa. Sasa ikaonekana kwamba hilo peke yake halitoshi. Kipeo 7 kinatoa 127, ambayo ni tasa. Kipeo 11 kinakuangusha. Kipeo 13 kinakubali tena. Hapakuwa na njia ya kujua ila kuhesabu.

Ndipo akaja Marin Mersenne. Alikuwa mtawa wa shirika la Waminimi mjini Paris, na chumba chake kilikuwa kama posta ya sayansi ya Ulaya nzima: Descartes alimwandikia, Fermat alimwandikia, naye akapitisha habari za huyu kwa yule. Mwaka 1644, katika kitabu chake *Cogitata Physico-Mathematica*, alitoa tamko la kijasiri. Alisema kwamba kwa vipeo vyote hadi 257, namba za aina hii ni tasa kwa vipeo 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257, na kwa vingine vyote si tasa.

Hakueleza alivyojua. Wala asingeweza kuwa amezikagua, maana katika maandishi hayo hayo alisema kwamba kuamua kama namba ya tarakimu 15 au 20 ni tasa ni kazi ambayo muda wote uliopo hautoshi. Kipeo 67 kinatoa tarakimu 21. Wachunguzi wa baadaye wameona kwamba vipeo vyake vinakaa jirani na namba zinazopatikana kwa kuzidisha 2 kwa yenyewe: 31 ni 32 toa 1, 127 ni 128 toa 1, 257 ni 256 ongeza 1, na 67 ni 64 ongeza 3. Yaelekea alifuata umbo lililompendeza. Hata hivyo 61, ambayo ni 64 toa 3, aliiacha nje, na kama tutakavyoona hiyo ndiyo iliyostahili kuwemo. Wengine wamefikiri 67 ni kosa la chapa, kwamba alikusudia 61. Sioni haja ya kumtetea hivyo. Mtu aliyeandika orodha yenye makosa matano, nayo ikawashughulisha wanahisabati kwa karne tatu, hana deni kwetu.

Fermat, rafiki yake wa barua, alikuwa tayari ametoa zana ya kwanza ya kuzikagua. Mwaka 1640 aliona kwamba kama kipeo ni tasa, basi kila kigawo tasa cha namba hiyo hubakisha 1 kikigawanywa kwa kipeo kilichozidishwa kwa 2. Rudi kwa 2,047: kipeo ni 11, mara mbili yake ni 22. Sasa 23 ni 22 ongeza 1, na 89 ni 22 mara 4 ongeza 1. Kwa namba yetu, kipeo 67, kila kigawo lazima kiwe kigawe cha 134 ongeza 1. Badala ya kujaribu kila kitu, unajaribu 135, 269, 403 na kuendelea. Baadaye mwanahisabati Euler aliongeza sharti jingine: kigawo kikigawanywa kwa 8, lazima kibakishe 1 au 7. Hapo nusu ya zilizobaki inaanguka.

Euler ndiye aliyeonyesha zana hizo zinavyofika mbali mikononi mwa mtu mvumilivu. Mwaka 1772, akiwa Saint Petersburg na karibu kipofu kabisa, alieleza katika barua kwa Bernoulli kwamba 2³¹ − 1, yaani 2,147,483,647, ni tasa kweli. Ilimlazimu kufuata vigawo vinavyowezekana hadi kwenye kipeuo cha pili cha namba hiyo, ambacho ni kama 46,340, na masharti yale mawili yalimpunguzia kazi ikawa ya kufanyika. Namba hiyo hiyo leo imo ndani ya kompyuta nyingi kama kikomo cha juu cha hesabu za biti 32, na saa za mifumo ya zamani zitaifikia tarehe 19 Januari 2038. Euler hakuifanya kazi yake kwa ajili ya saa. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba namba timilifu inayotokana na 2³¹ − 1 ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa sababu ni za kustaajabisha tu wala hazina faida, na hakuna atakayejisumbua kutafuta iliyo kubwa zaidi. Alikosea kuhusu watu kuliko alivyokosea kuhusu namba.

Njia ya Euler, hata hivyo, haikuweza kufika kwenye 67. Kipeuo cha pili cha 147,573,952,589,676,412,927 kinazidi bilioni 12. Kwa kalamu na karatasi, umri wa mtu hautoshi.

Aliyebadilisha mchezo alikuwa Édouard Lucas, mwalimu Mfaransa aliyezaliwa 1842, mtu aliyependa mafumbo ya namba na ndiye aliyebuni ule mchezo wa Mnara wa Hanoi. Mwaka 1876 alipata njia ya kuihoji namba bila kutafuta kigawo chake hata kimoja. Kazi yake ilianzia kwenye mfuatano wa Fibonacci. Sura inayofundishwa leo ilinyooshwa na Derrick Henry Lehmer mwaka 1930, na ni fupi kiasi kwamba msomaji anaweza kuifanya sasa hivi.

Tuijaribu 127, ambayo kipeo chake ni 7. Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2: 14. Rudia: 14 mara 14 ni 196, toa 2 ni 194, hiyo imeipita 127, basi gawanya na uchukue baki, 67. Tena: 67 mara 67, toa 2, ni 4,487, na baki ni 42. Tena: 42 mara 42, toa 2, ni 1,762, baki 111. Tena: 111 mara 111, toa 2, ni 12,319, na hiyo ni 127 mara 97 barabara. Baki ni 0. Kanuni inasema: fanya hivyo mara pungufu ya kipeo kwa mbili, yaani mara 5 kwa kipeo 7, na baki la mwisho likiwa 0 namba ni tasa, lisipokuwa 0, si tasa. Ukifanya vivyo hivyo mara 9 kwa 2,047, unaishia na 1,736. Namba imekiri kwamba inagawanyika, wala haijataja 23 wala 89.

Hapa ndipo uzuri na uchungu wa jambo hili vilipo. Kwa njia hii Lucas alitangaza mwaka 1876 kwamba 2¹²⁷ − 1 ni tasa, namba ya tarakimu 39: 170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727. Hakuna namba tasa kubwa zaidi ya hiyo iliyowahi kuthibitishwa kabla ya zama za mashine. Na kwa njia hiyo hiyo alitangaza kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa. Mersenne alikuwa amekosea. Vigawo vipo. Ni vipi? Hesabu ya Lucas haikuwa na neno la kusema juu ya hilo.

Lucas alifariki mwaka 1891, bado kijana kwa umri wa wanazuoni, baada ya kipande cha sahani iliyovunjika kwenye karamu kumkata shavuni na jeraha kupata maambukizo. Hakuishi kuona vigawo vile.

Aliyevipata alikuwa Frank Nelson Cole. Alizaliwa Massachusetts, Marekani, mwaka 1861, akasoma Harvard, akaenda Leipzig kwa Felix Klein, na tangu 1895 alifundisha Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Sehemu kubwa ya maisha yake ilikwenda katika kazi isiyo na sifa: alikuwa katibu wa Chama cha Hisabati cha Marekani kuanzia 1896 hadi 1920, akihariri jarida lake, akisoma na kusahihisha makala za wengine. Ni mtu wa aina ambayo taasisi hazisimami bila yake na historia haina haraka ya kumkumbuka.

Tarehe 31 Oktoba 1903 chama hicho kilikutana New York, na katika ratiba kulikuwa na mada ya Cole yenye kichwa cha kawaida kuhusu kutafuta vigawo vya namba kubwa. Yaliyotokea yanasimuliwa na Eric Temple Bell, aliyekuja kusoma Columbia miaka kadhaa baadaye na kuyaandika katika kitabu cha 1951. Kwa simulizi lake, Cole alikwenda ubaoni bila kusema neno. Akachukua chaki, akaizidisha 2 kwa yenyewe hatua kwa hatua hadi kipeo cha 67, akatoa 1. Kisha akahamia sehemu tupu ya ubao, akaandika namba mbili, akazizidisha kwa mkono. Majibu mawili yakawa sawa. Akarudi kitini, bado hajasema neno, na ukumbi ukampigia makofi. Bell anasema pia kwamba alipomuuliza baadaye kazi ile ilimchukua muda gani, Cole alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Bell alipenda kisa kizuri, na kati ya mkutano ule na kitabu chake ilipita karibu nusu karne. Sitaapa kwamba ukimya ule ulikuwa kamili hivyo. Lakini makala ya Cole ilichapishwa katika jarida la chama mwaka ule ule wa 1903, na namba mbili zimo humo: 193,707,721 na 761,838,257,287.

Makala hiyo inaonyesha kwamba hakupapasa. Aliegemea mabaki ya namba zilizozidishwa kwa zenyewe. Ukigundua kwamba namba fulani ndogo ni baki la mraba ukigawanya kwa namba yako kubwa, basi lazima iwe hivyo pia kwa kila kigawo chake tasa. Na sharti moja la namna hiyo hutupa karibu nusu ya vigawo vinavyowezekana. Kusanya masharti ya kutosha, na lundo kubwa linageuka kuwa orodha ambayo mtu mmoja anaweza kuipitia. Bila hayo hali ingekuwa hivi: kigawo kidogo, 193,707,721, ni 134 mara 1,445,580 ongeza 1. Anayetumia masharti ya Fermat na Euler pekee angefanya migawanyo zaidi ya 700,000 ya namba ya tarakimu 21 kabla ya kukifikia. Jumapili za miaka mitatu ni kama 156.

Kulithibitisha jawabu ni kazi nyepesi ajabu. Kigawo kidogo kina tarakimu tisa, moja yake ni 0, kwa hiyo safu za kuzidisha ni nane tu. Tarakimu 7 imo mara tatu, na safu yake ni ile ile kila mara: 5,332,867,801,009, ikisogezwa tu nafasi yake. Asiye na subira ya safu nane anaweza kutumia kutupa tisa, ukaguzi ambao wanahesabu wa Kiarabu wa zama za kati waliutumia kila siku. Jumlisha tarakimu za 193,707,721: unapata 37, gawanya kwa 9, baki 1. Jumlisha za 761,838,257,287: unapata 64, baki 1. Zile 21 za namba yenyewe zinatoa 109, baki 1. Na 1 mara 1 ni 1. Ukaguzi huo hauwezi kuthibitisha kila kitu, lakini kosa la uzembe mara nyingi lingejitokeza hapo.

Ndiyo maana naamini ukimya wa Cole, kama ulikuwepo, ulikuwa na haki yake. Uthibitisho wa Lucas unamtaka msikilizaji aielewe nadharia na aziamini hatua 65 za namba ndefu. Jawabu la Cole halimtaki mtu aamini chochote. Mtoto wa darasa la sita mwenye penseli na karatasi kubwa anaweza kuwa hakimu.

Orodha ya Mersenne iliendelea kubomolewa na kukarabatiwa. Tayari mwaka 1883 Ivan Pervushin, padri wa kijijini katika jimbo la Perm, Urusi, alikuwa ameonyesha kwamba 2⁶¹ − 1 ni tasa, ile ambayo Mersenne aliiruka. Mmarekani R. E. Powers, ambaye hakuwa mwanahisabati wa chuo kikuu, aliongeza kipeo 89 mwaka 1911 na 107 mwaka 1914. Katika miaka ya 1920 ikathibitishwa kwamba 257 haikustahili kuwemo, na kwa mara nyingine uthibitisho ulikuja bila vigawo. Hivyo vilisubiri kompyuta, hadi karibu na mwaka 1980. Cole alifariki 1926. Alipostaafu ukatibu, wenzake walimpa fedha kama shukrani, naye akazikabidhi kwa chama. Kutokana nazo ikaanzishwa Tuzo ya Cole, ambayo hadi leo hutolewa kwa kazi bora za aljebra na nadharia ya namba.

Tarehe 30 Januari 1952, Raphael Robinson aliitumia kompyuta ya SWAC huko Los Angeles kuendesha jaribio la Lucas, na katika usiku mmoja zikapatikana tasa mbili mpya, za vipeo 521 na 607. Mwezi Juni mwaka ule ule ikapatikana ya kipeo 1,279. Tasa kubwa kuliko zote iliyotangazwa Oktoba 2024, 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, ina tarakimu 41,024,320, na bado inatoka katika familia ya Mersenne.

Jirani wa 1,279, kipeo 1,277, alipata jibu tofauti. Jaribio la Lucas lilikwisha kusema kwamba 2¹²⁷⁷ − 1 si tasa. Ina tarakimu 385. Kila kigawo chake lazima kiwe kigawe cha 2,554 ongeza 1, na kikigawanywa kwa 8 lazima kibakishe 1 au 7, masharti yale yale ya Fermat na Euler. Kompyuta za watu wanaojitolea zimeichimba kwa miongo mingi, kwa mbinu ambazo Cole asingeziota, na mpaka sasa hakuna kigawo chake hata kimoja kinachojulikana.